Mvua ya Siku ya Kwanza

Mwavuli ulikuwa wangu. Nalisema hili mapema, maana nimejifunza kwamba katika kampuni yetu ukichelewa kusema kitu ni chako, mtu mwingine atakuwa ameshakikumbuka.

Nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya mkurugenzi, simu yangu ikirekodi, naye akinisimulia siku ya kwanza ya kampuni. Sote tunamwita Mama. Kampuni yake, hapa Tanga, inatoa mafunzo kazini na ushauri. Tunawafundisha wahudumu wa hoteli namna ya kumpokea mgeni, makarani namna ya kujibu simu, na wasimamizi namna ya kuendesha kikao kisichofika adhuhuri. Ilikuwa inakaribia kutimiza miaka ishirini, na Mama alitaka kijitabu cha historia cha kuwagawia wageni siku ya sherehe. Kazi hiyo nilipewa mimi.

"Asubuhi ile mvua ilinyesha kama imetumwa," alisema. "Chumba chetu cha kule Ngamiani kilikuwa kinavuja. Nikaweka beseni hapa, sufuria pale. Akaja mshiriki mmoja tu, mama mmoja wa Makorora. Nikamfundisha yeye peke yake kama nafundisha ukumbi mzima." Akanyamaza, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Na unajua, binti yangu, yule mama alifungua mwavuli mle mle ndani, akaandika chini yake mpaka mwisho."

Nikaandika neno "mwavuli" kwenye daftari.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekaa katika chumba cha usaili na waombaji wengine. Mkufunzi mkuu, ambaye kila mtu anamwita Mwalimu, alitusimulia hadithi hiyo hiyo ya siku ya kwanza, halafu akatutaka kila mmoja aongeze kitu kimoja kitakachomfanya msikilizaji aione. Mmoja alisema ubao ulikuwa mlango wa zamani. Mwingine alisema mwalimu alifundisha peku kwa sababu ya maji. Zamu yangu ilipofika kichwa kilikuwa kitupu. Nikasema, "Mwavuli. Yule mama alifungua mwavuli ndani." Mtu akacheka nyuma yangu. Nilirudi nyumbani nikijilaumu njia nzima kwamba katika vitu vyote vya dunia nimechagua mwavuli.

Sasa mwenye kampuni alikuwa anaulilia.

Ningekuwa mtu mwingine ningesema pale pale, nikacheka, yakaisha. Lakini mimi ni mtu wa kusoma ujumbe wa simu mara kadhaa kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena nione nilivyojiaibisha. Sijasomea kazi hii. Nilijifunza kuandika na kupanga kurasa katika duka la mjomba la kutoa nakala, Makorora. Nilikuwa nawaandikia watu barua za maombi ya kazi, na jioni naangalia kwenye simu namna watu wa mbali wanavyopanga vitabu. Sina cheti cha kuonyesha. Hapa nilikuwa katika kipindi cha majaribio, na Mama alikwishaniambia wazi: kijitabu kikiwa kizuri, napewa mkataba. Kisipokuwa kizuri, duka la mjomba bado liko pale pale.

Basi nilinyamaza, na kuanzia siku ile nikaanza kushuku kila kitu.

Kwanza nilishuku kwa nini nimechukuliwa. Wale wengine kwenye usaili walikuwa na vyeti ndani ya bahasha za plastiki. Nikajiambia kwamba mimi nimechaguliwa kwa sababu mtu asiye na cheti hawezi kubisha. Anaandika anachoambiwa, na likija kuharibika, kosa ni lake.

Pili nilishuku namna wanavyosimulia. Niliwahoji wafanyakazi mmoja mmoja kuhusu siku ya kwanza. Karani wa mapokezi alisema mvua ilinyesha kama imetumwa. Dereva alisema hivyo hivyo, kama imetumwa, na akanyamaza kabla ya mwavuli pale pale aliponyamaza Mama. Dereva huyo ameajiriwa juzi juzi tu. Nilipomuuliza kama alikuwepo, alisema, "Sikuwepo, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Tatu nilimshuku Mwalimu. Ni mzee mwembamba wa Kibondei, mcheshi, shati daima limenyooshwa. Kila asubuhi ya mafunzo, washiriki wakiwa wamesimama nje, yeye hutoka peke yake akazunguka mtaa. Hachukui kitu, harudi na kitu. Akirejea anamtazama Mama, anatikisa kichwa kwa kukubali, na hapo ndipo Mama anafungua mlango. Haijalishi washiriki wamechelewa au wamewahi. Hata tukifanyia mafunzo hotelini ni hivyo hivyo. Nilimuuliza karani Mwalimu anakwenda wapi. Akasema, "Anakwenda kuona." Kuona nini? "Kuona kama kweupe." Basi mimi nikajijazia yaliyobaki. Nilikuwa nimesikia habari za watu wa biashara wanaozika vitu vizingitini na wanaozungukiwa mtaa na mafundi wa namna nyingine, waganga. Naona haya kuandika hivi, lakini nilianza kuangalia chini kabla ya kukanyaga mlango wa ofisi.

Nilikwenda kumhoji Mwalimu mwenyewe. Alikuwa jikoni anakunywa chai ya tangawizi kwa kashata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwandishi wa wafalme. Umekuja kunichimba?"

"Nataka kujua habari za siku ya kwanza."

"Hukuambiwa? Mvua ilinyesha kama—"

"Kama imetumwa. Nimeambiwa. Nataka kujua yule mama wa Makorora anaitwa nani. Nimhoji na yeye."

Akatafuna kashata polepole. "Makorora wamama wengi."

"Ndiyo maana nauliza jina."

"Wewe unakaa Makorora. Huenda ni mama yako."

"Mama yangu hajui hata ofisi hii iko wapi."

"Basi si yeye," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaniangalia kwa upole ulioniogopesha zaidi. "Binti, wewe kazi yako ukiifanya unaikamua mpaka inatoa damu. Andika kama ilivyo. Watu wanaipenda."

Sikuona kama ameniambia ukweli, wala sikuona kama amenidanganya. Nilitoka nikiwa na wasiwasi mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Nikaamua kwenda kukiona chumba. Nilijiambia nahitaji picha kwa ajili ya ukurasa wa kwanza, na kweli nilihitaji. Nyumba iko Ngamiani, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya zamani yenye ghorofa moja juu, mlango wake unafunguka moja kwa moja barabarani. Chumba kile cha mbele sasa ni cha fundi baiskeli. Aliniruhusu kupiga picha, akaniomba nisipige ile baiskeli nyekundu kwa sababu mwenye nayo ameshaambiwa imekwisha kutengenezwa.

Nilipiga picha ya kuta, ya sakafu, ya mlango. Halafu nikainua simu kupiga dari.

Dari lilikuwa la mbao, na juu ya mbao mtu alikuwa anatembea. Nilisikia kandambili zikienda na kurudi, kisha kiti kikavutwa.

"Huku juu wanakaa watu?" nikauliza.

"Bibi mwenye nyumba. Tangu mimi sijazaliwa."

"Mvua ikinyesha, huku kunavuja?"

Fundi akanitazama kama nimemuuliza kama samaki anapanda mnazi. "Ivuje kupitia kwa bibi? Labda amwage yeye."

Nilisimama pale nikiangalia dari. Nyumba nzima ya mtu ilikuwa imekaa kati ya chumba hiki na mawingu. Beseni, sufuria, mwalimu wa peku, mwavuli wangu, vyote vilihitaji paa bovu, na hapa hapakuwa na paa.

Nikapanda ngazi. Bibi alikuwa amekaa barazani juu anachambua mchele kwenye ungo, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani. Nikamwamkia, nikamwambia naandika historia ya kampuni iliyoanzia chumba cha chini. Akaniambia nikae. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku walipofungua, siku ya mvua.

"Mvua gani?" alisema bila kuinua macho. "Siku ile jua lilikuwa la kukaushia nazi."

"Una hakika, bibi?"

"Siku yenye maiti mtu huikumbuka hali ya hewa."

"Maiti ya nani?"

Akapepeta mchele, makapi yakaruka. "Yeye hakukuambia?"

"Hapana."

"Basi kamuulize yeye. Mimi simsimulii mtu jambo lake akiwa hai." Halafu akaniuliza mimi wa nani, na kwetu ni wapi, na nilipotaja mtaa akamtaja shangazi yangu kwa jina, na mazungumzo ya maiti yakawa yamefungwa.

Nataka kusema ukweli juu ya siku zilizofuata. Sikuandika hata ukurasa mmoja. Kichwani mwangu mtu alikuwa amekufa katika chumba kile siku ya kwanza ya mafunzo. Wakati mwingine alikuwa yule mama wa Makorora. Ndiyo maana hana jina, nikajiambia, ndiyo maana wanasimulia kwa maneno yale yale kama mashahidi waliopangwa, na ndiyo maana Mwalimu anazunguka. Nilifikiria kuacha kazi. Nilifikiria pia, na hili ndilo baya zaidi, kuandika ile hadithi ya mvua vizuri kabisa, kwa koma zilizokaa mahali pake, nikachukua mkataba wangu na nisiulize tena. Lakini kingekuwa kitu changu cha kwanza kuchapishwa katika maisha yangu, na ndani yake kungekuwa na paa linalovuja mahali pasipo na paa. Nilijua nisingeweza kukifungua.

Katika wiki hiyo tulikuwa na mafunzo Ushongo, kwa wafanyakazi wa nyumba za wageni za ufukweni. Tulilala Pangani, tukavuka kwa kivuko asubuhi. Tulipofika, Mwalimu akafanya kama kawaida yake. Washiriki wamesimama nje ya banda la makuti wakiwa na kalamu mpya, yeye akaingia kijijini. Safari hii nilimfuata kwa mbali, nikijifanya napiga picha. Alisimama kwenye nyumba ya kwanza, akasalimia, akauliza kitu, akajibiwa. Akaenda ya pili. Hakutoa kitu mfukoni. Alikuwa anaongea tu na watu, kama mgeni anayeuliza njia. Aliporudi akatikisa kichwa, Mama akasema, "Karibuni ndani."

Baada ya chai likaja zoezi la Ongeza Kimoja. Sikuwahi kuliona nikiwa upande wa wakufunzi. Mama alisimulia ile asubuhi, safari hii na mwavuli wangu ndani yake, halafu Mwalimu akasimama kwenye bango kitita na kalamu ya wino mzito. Msichana wa mapokezi akaongeza mlio wa matone kwenye sufuria. Mpishi akaongeza harufu ya mihogo ya kuchoma kutoka nje. Kijana wa bustani, mwenye haya, akasema, "Na kuku. Kuku wa jirani akaingia kujikinga mvua."

Watu wakacheka kwa furaha. Mwalimu akaandika "kuku" kwa herufi kubwa. Mama aliliangalia neno lile kwa muda, akatabasamu, na mimi nikajua kwamba mwakani kutakuwa na mtu atakayemlilia yule kuku.

Hapo nilielewa kwa nini wote wanasema maneno yale yale. Hawakuwa wamepangwa kuficha. Walikuwa wamefundishwa, kama sisi tunavyofundisha watu, kwa kurudia. Miaka yote hiyo washiriki walikuwa wanaijenga ile asubuhi tofali kwa tofali, na yaliyopendeza yalibaki. Nilielewa hilo, lakini bibi wa juu na maiti yake walikuwa bado wamekaa kifuani pangu.

Jioni tulirudi, tukasimama upande wa Bweni kungoja kivuko. Mwalimu na dereva walikwenda kununua machungwa. Nilibaki na Mama kwenye gari, milango wazi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali langu njia nzima, na lilipotoka halikufanana kabisa na lile la mazoezi.

"Mama, nani alikufa siku ile?"

Hakushtuka. Aliangalia mto. "Nani kakwambia?"

"Bibi wa juu. Hakuniambia. Alisema nikuulize wewe."

"Bado anachambua mchele?"

"Ndiyo."

"Hajawahi kuchambua ukaisha." Akavua miwani, akaipangusa. "Haikunyesha. Hilo umeshalijua, naona."

"Dari haliwezi kuvuja."

"Miaka yote hii hakuna aliyeangalia dari." Akaivaa tena miwani. "Nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki mzee, alfajiri. Nilipofika nikakuta wanafunga turubai, mikeka inatolewa. Nikajua. Usije ukaandika kwamba sikujua. Lakini kulikuwa na meneja wa shamba la mkonge aliyeniahidi kwamba atapita asubuhi ile anione nikifundisha, na akiridhika aniletee makarani wake. Nikasema akikuta kufuli, basi tena. Nikafungua."

"Na washiriki?"

"Walikuwa wa mtaani wote. Nani angekuja? Mtaa mzima uko msibani. Nikakaa. Kisha nikaona meneja akitokea ghafla atanikuta nimekaa kimya kama muuza duka asiye na bidhaa. Nikasimama, nikaanza somo."

"Ukamfundisha nani?"

"Viti."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Sauti yangu unaijua," akasema. "Wanaume wanapita mlangoni na jeneza, na mimi ndani nasema, 'Mteja akiingia, acha unachofanya, simama.' Kwa sauti. Ili nje isikike kuna watu." Akanyamaza, na huko kunyamaza hakukufanana na kule kwa ofisini. "Bibi akashuka. Hakunigombeza. Alisimama mlangoni akasema, 'Mwanangu, mtaa unazika. Wewe unamfundisha nani?' Nikafunga, nikajitanda kanga, nikaenda. Wanawake wakanipisha kwenye mkeka bila kunitazama. Na meneja nikamkuta huko huko. Marehemu alikuwa mkwewe. Yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza."

"Alikusikia?"

"Hakuwahi kuniambia. Alinisalimia vizuri sana. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua mtu akikusalimia vizuri sana ana maana gani. Makarani sikuwaona." Kivuko kilikuwa kinakaribia, watu wa baiskeli wakaanza kujipanga. "Baadaye hoteli moja ya huku Pangani wakaniuliza, mlianzaje? Nikasema siku ya kwanza watu hawakuja, mvua ilinyesha. Nilichagua mvua kwa kuwa mvua haina mwenyewe. Hayo mengine wameongeza watu."

"Na Mwalimu? Anapozunguka?"

"Anauliza kama kuna msiba. Tangu nilipomchukua. Akikuta, hatufungui, tunakwenda kuhani. Kwani ulidhani anafanya nini?"

Sikumwambia nilichodhani. Niliangalia viatu vyangu, ambavyo siku nyingi vilikuwa vinakwepa vizingiti. Kisha nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Mama, ule mwavuli—"

"Ni wako. Najua."

"Ulijua siku ile uliyonisimulia?"

"Mwalimu aliniambia, na nilikuchukua kwa sababu ya mwavuli ule. Wenzako waliongeza mambo ya kumsifu mwalimu, wewe ukamfikiria yule aliyekaa anaandika. Siku ile ofisini nilikuwa nangoja useme ni wako. Ukaniangalia tu, ukaandika."

"Kwa hiyo ulikuwa unanijaribu."

Akafikiri. "Kidogo nilikuwa nakujaribu. Kidogo nilikuwa nimesahau. Kitu ukikisimulia mara nyingi unaanza kukiona."

Mpaka sasa sijaamua lipi kati ya hayo mawili nililiamini. Machozi ya siku ile yalikuwa machozi. Nilimuuliza niandike nini kwenye kijitabu. Alisema, "Mwandishi ni wewe," na Mwalimu akarudi na machungwa.

Mkubwa akikwambia uamue mwenyewe, mara nyingi anataka kuona utaangukia wapi. Niliandika aya ile ya kwanza nikaifuta, nikaiandika nikaifuta. Niliwaza kwamba nikiandika msiba, nitamwaibisha mbele ya wateja wake, na mkataba utakwenda na maji. Nikiandika mvua, atajua kwamba nimesikia kisha nikaogopa. Mwishowe ilibaki aya fupi. Ilisema kwamba siku ya kwanza hakuna aliyekuja, kwamba mtaa ulikuwa msibani na mlango wetu ulikuwa wazi, kwamba jirani alishuka akaja kuufunga nasi, na kwamba tangu hapo hatufungui mlango kabla ya kuuliza hali ya majirani. Sikuandika viti. Viti niliona ni vyake.

Nikamtumia. Alijibu neno moja: "Chapisha". Hakuweka asante, hakuweka hata nukta. Nililiangalia neno lile mchana kutwa kama linaweza kunigeuzia uso.

Siku ya sherehe ukumbi ulikuwa umejaa mapema. Wageni walisimama nje kivulini, kijitabu changu mikononi mwao, na mimi sikuweza kumtazama yeyote aliyekuwa anafungua ukurasa wa kwanza. Mama akanijia. "Leo zunguka wewe," alisema. "Mwalimu goti linamsumbua." Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili bila shida yoyote, anaangalia dirishani.

Nikatoka. Nilibisha hodi kila nyumba ya mtaa ule. "Hapa kwema?" "Kwema, mwanangu, karibu." Mama mmoja anayekaanga vitumbua aliniambia, "Sisi wazima, labda wewe, unatetemeka." Nilipomaliza nikawa na shaka kwamba nimeiruka nyumba moja ya kona, nikazunguka tena upya. Niliporudi wageni walikuwa wanajipepea kwa historia yangu. Nikamtazama Mama, nikatikisa kichwa kama anavyotikisa Mwalimu, naye akafungua mlango.

Halafu akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akasema, "Asubuhi ile mvua ilinyesha kama imetumwa."

Ukumbi ukatulia kwa raha, kama watoto walioanza kusimuliwa. Akasimulia yote. Beseni, sufuria, mama wa Makorora, mwavuli. Kuku naye alikuwepo. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa na kijitabu wazi mapajani kwenye ile aya ya msiba, na kichwa chake kinaitikia mvua. Nilitafuta katika uso wa Mama dalili ya kunisuta au ya kuniomba radhi. Nikaona tu mtu anayefanya kazi anayoijua.

Wakati wa pilau mama mmoja mnene akanijia na sahani. Zamani, miaka mingi kabla ya safari yetu, alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni Ushongo.

"Wewe ndiye umeandika hiki?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kizuri, karatasi nzuri. Lakini umeacha beseni."

"Siku ile haikunyesha, mama."

"Beseni ni langu mimi," akasema, na niliona kweli ameumia. "Nililiongeza mwenyewe, kwenye semina yetu. Mkurugenzi akalipenda, akalichukua. Nimewaleta wanangu walisikie, wamelisikia. Sasa wewe kwenye kitabu humo umelitoa."

Nilikuwa nimefikiria kila anayeweza kuumizwa na mvua ile. Hata mara moja sikufikiria wenye nayo. Nikafungua mdomo kumwomba radhi, nikaona Mama amesimama nyuma yake na glasi ya juisi, anasikiliza.

"Muulize vizuri," Mama akamwambia yule mpishi. "Mwenye historia ni huyu."

Mpishi akaningoja. Mama naye akaningoja.

"Beseni ni lako, mama, na mwavuli ni wangu," nikasema. "Lakini lilikuwa jua."

Mpishi akaguna, akaenda kutafuta kachumbari. Mama akanywa juisi yake. Sijui kama alikuwa amenisifu au amenitwika mzigo.

Jumatatu nilikuta mkataba mezani, umeshatiwa sahihi upande wake. Niliusoma wote nikitafuta mtego. Nilikuta koma moja imekaa vibaya, nikaizungushia duara, kisha nikatia sahihi yangu. Chumba cha pili kulikuwa na usaili wa wakufunzi wapya, mlango umeachwa wazi kidogo, na sauti ya Mwalimu ilikuwa inakuja vizuri.

"Siku ya kwanza hakuna aliyekuja," alikuwa anawaambia. "Mtaa mzima ulikuwa msibani, na mlango wetu uko wazi." Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. "Haya. Kila mmoja aniongezee kitu kimoja, nikione."

Nikasikia kiti kikisogea, halafu sauti ya msichana, ndogo, ya mtu anayejua kwamba atachekwa.

"Mvua," akasema. "Ilikuwa imeanza kunyesha."

Kalamu ya Mwalimu ikaanza kulia juu ya karatasi.